Kadi Nilizokataa Kuzichoma

Mmeniomba niandike kurasa chache za kumbukumbu, na mtu wenu wa utumishi akanitumia mfano wa kufuata: nilianza na cheo fulani, nikapandishwa, nikapewa cheti, namshukuru kila mtu. Sitaandika hivyo. Vyeo vyangu vimo kwenye faili langu, na faili najua lilipo kwa sababu nililipanga mwenyewe. Nitawaandikia habari za kadi, za kompyuta ya kwanza kuingia ofisini kwetu, na za siku niliyogoma. Anayetaka shukrani akasome hotuba niliyotoa mliponiaga. Niliisoma vizuri, ila wengine mlisinzia.

Nilizaliwa Gulwe, kwenye nyumba za wafanyakazi wa reli. Baba yangu alikuwa fundi wa njia, kazi yake kukaza nati na kubadilisha mataruma. Kusoma hakujua. Lakini stesheni masta alipoanza kugonga ile mashine yake ya simu, ti-ti-taa, baba alikuwa akiinua kichwa anasema, "Treni imetoka Kidete, ondoeni mbuzi." Kweli, baada ya muda treni inatokea. Ndiyo maana mtu akinieleza intaneti kwa mbwembwe namwangalia tu. Habari kukimbia kwenye waya niliiona kabla sijaota meno ya pili.

Kazi nilianza katikati ya miaka ya themanini, sabuni na sukari zilipokuwa zimeanza kurudi madukani. Ofisi yetu ilishughulika na mashamba na viwanja vya vijiji vinavyouzunguka mji wa Dodoma, mji ambao kila mwaka tuliambiwa serikali yote inahamia kesho. Nilipangiwa masjala, chumba cha kutunzia mafaili na kadi. Mkuu wake alikuwa Mzee Chidosa, mtu mrefu, mkavu, mwenye suti ya safari iliyopigwa pasi mpaka inang'aa. Hakuniambia karibu. Alinipa kadi moja.

"Soma."

Nikasoma: jina la mkuu wa kaya, kijiji, namba ya shamba, ukubwa, tarehe.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza. Yaani, shikamoo mzee!" Nilikuwa nimesahau kumwamkia.

"Marahaba. Na hujamaliza. Geuza."

Nyuma ya ile kadi kulikuwa na maandishi ya penseli, madogo kama sisimizi. Mke wa kwanza, fulani, shamba la korongoni. Mke wa pili, fulani, shamba la kichuguu kikubwa mpaka njia ya ng'ombe. Mke wa tatu, amerudi kwao, shamba analima binti yake. Nikamuuliza Mzee Chidosa kwa nini anaandika mambo ya watu nyuma ya kadi ya serikali.

"Kadi imechapwa Dar es Salaam," akasema. "Aliyeichapa ana mke mmoja na hana shamba. Ameweka mstari mmoja, mkuu wa kaya, basi. Wewe Mgogo mwenzangu, niambie, mwanaume mwenye wake watatu ana nyumba ngapi?"

"Tatu."

"Maghala?"

"Matatu."

"Mashamba?"

Hapo nilikwisha kuelewa. Kwetu kila mke ana nyumba yake, shamba lake na ghala lake, na hakuna anayekwenda kumwomba mke mwenzie uwele akiwa na akili timamu. Mume ni jina tu la mbele ya kadi. Nikamuuliza tena, sasa kwa nini penseli?

"Kwa sababu wake huondoka, na wino hauondoki."

Kwa miaka mingi hiyo ndiyo ilikuwa kazi yangu. Nilitaipu barua kwa taipureta iliyokuwa nzito kuliko mimi. Nilikata stensili na kuzungusha mashine ya saiklostaili mpaka wino unafika kwenye viwiko. Lakini kadi ndizo zilikuwa roho ya ofisi. Kila baada ya mavuno Mzee Chidosa alipanda baiskeli akaenda vijijini kuuliza: nani amekufa, nani ameolewa, nani analima wapi. Akirudi, penseli inafanya kazi. Hakuna waraka uliomtuma, na hakuna aliyemlipa posho. Alipostaafu alinikabidhi funguo, kifutio kilichobaki nusu, na maneno mawili: "Usiache kugeuza."

Kisha ikaja miaka ya ruksa kwelikweli. Mitumba ruksa, televisheni ruksa, maduka ya watu binafsi ruksa, na kupunguzwa kazi nako ruksa. Ndipo kompyuta mbili zilipoletwa. Zilipewa chumba kilichokuwa cha mkutano, kikawekwa kiyoyozi, cha kwanza katika jengo letu. Mkurugenzi mwenyewe hakuwa na kiyoyozi! Zilifunikwa kwa vitambaa vilivyodariziwa, na sisi tulivua viatu mlangoni kama watu waendao msikitini, kwa kuogopa vumbi la Dodoma. Mkurugenzi, ambaye soksi zake zilikuwa na matundu, alipenda kuchungulia dirishani.

Mtaalamu wa mashine hizo alikuja na mkataba wa miezi sita. Aliitwa Elias, msomi kijana, tai shingoni hata saa nane mchana. Sikumchukia. Mgeni njoo, mwenyeji apone, nilisema. Maandishi yalikuwa ya kijani kwenye kioo cheusi, hakuna picha wala kipanya, na ukitaka kitu unaandika amri. Vibarua wawili waliletwa kuingiza kadi zote kwenye mashine, nao walifanya kazi haraka ajabu. Kwa miezi mitatu walimaliza makabati manne. Nilijiuliza wanawezaje. Nilipaswa kuuliza kwa sauti, na kutouliza ni kosa langu la kwanza katika habari hii.

Siku moja akaja masjala mama mtu mzima, miguu imejaa vumbi la kutoka Mkonze. Siku hizo Mkonze ilikuwa mashamba matupu, si hizi nyumba za bati mnazopanga leo. Aliitwa Bibi Lea.

"Mbukwa," nikamsalimu kwa Kigogo.

Aliitikia nusu tu. "Mwanangu, kuna watu wamechomeka miti kwenye mgunda wangu."

Mgunda ni shamba. Miti ilikuwa vigingi vya wapima. Alisema walimwambia shamba ni wazi, halina mtu, na linagawiwa kwa mfanyabiashara anayetaka kujenga kituo cha mafuta. Kamati ya ugawaji ingekaa Alhamisi ya wiki inayofuata.

"Nimewaambia, mimi ni mtu," akasema. "Wakacheka."

Nikafungua droo ya Mkonze. Mbele ya kadi: marehemu Ndahani, mkuu wa kaya. Nikageuza. Mke wa tatu, Lea, shamba toka kisima mpaka mstari wa minyaa, upande wa mawio. Mwandiko ni wa Mzee Chidosa. Nikaenda chumba cha kompyuta, nikavua viatu, nikamwomba Elias aifungue Mkonze. Kwenye kioo: Ndahani, amefariki. Mrithi: hakuna. Hali ya shamba: wazi.

Ndipo nikajua wale vibarua waliwezaje kumaliza upesi vile. Hawakugeuza hata kadi moja.

Kabla sijapata pa kuanzia, mkurugenzi akaniita kunipa karatasi ya kusaini. Ilisema kumbukumbu zote zimekwisha kuingizwa kwenye mashine, na kwamba mimi, mtunza masjala, nakubali kadi zikateketezwe. Nikamwambia habari za Bibi Lea. Akamwita Elias.

"Huyu dada anasema mashine yako haijui kusoma."

Elias alikuja na soksi tupu, bila viatu. "Dada Foibe, kompyuta haina mgongo. Ina safu: jina, kijiji, namba. Mkuu wa kaya akifariki, na mrithi hakuandikwa, shamba linahesabika wazi. Ndivyo programu ilivyokuja."

"Ongeza safu."

"Mkataba wangu unaisha mwisho wa mwezi. Programu imekwisha kukabidhiwa."

"Basi haikumalizika, imekabidhiwa tu."

Mkurugenzi akagonga kalamu mezani. "Foibe, unasaini au husaini?"

"Sisaini."

"Unajua kwamba orodha ya watakaopunguzwa ipo hapa mezani kwangu?"

"Najua, mheshimiwa. Niliitaipu mimi."

Msidhani nilikuwa jasiri. Nilikuwa na watoto wawili, na mume dereva ambaye shirika lake lilikuwa limeuza magari yote. Lakini hasira ilinishika. Wanawake wa vijiji kumi na kitu walikuwa wamefutwa kwa sababu mtu hakugeuza mkono! Nikafunga masjala, funguo nikazitia kwenye sidiria, na nikamwambia mlinzi kwamba anayezitaka aje azichukue. Hakuja mtu.

Nikarudi kwa Elias, safari hii na bakuli la zabibu za kwetu. Nikamwomba kitabu cha programu. Kilikuwa kinene, Kiingereza kitupu. Akanipa huku anatabasamu, kama mtu anayempa mtoto gazeti. Nilikisoma na kamusi kila mapumziko ya mchana, na Elias, kwa heshima ya zabibu, akaniachia mashine moja nijaribu. Thubutu kuniambia mwanamke wa masjala hawezi! Kupanga vitu ili vipatikane ndiyo kazi ya mashine ile, na ndiyo kazi niliyokuwa nikiifanya miaka yote. Siku ya tano nikaijua amri ya kubadilisha umbo la orodha.

Jumatatu ya wiki ya kamati, Elias akiwa amekwenda kula, niliongeza safu tatu kwenye orodha ya Mkonze: mke wa kwanza, wa pili, wa tatu. Na kiherehere changu kikanituma nibadilishe na safu ya "mkuu wa kaya", niiite "mume" na kuifupisha kidogo, palepale. Mashine ikaniuliza swali refu kwa Kiingereza. Nikajibu ndiyo, kama mtu anayeulizwa na polisi.

Majina yakatoweka. Namba zikabaki, vijiji vikabaki, majina hakuna. Yesu wangu! Nilikaa natazama kile kioo mpaka Elias akarudi.

"Umefanya nini?"

"Nimefuta Mkonze."

"Mkonze yote?"

"Yote."

Hakunigombeza. Akaenda kabatini akatoa diski ya akiba, akaiingiza. Ikakwaruza, ikagoma. Akatoa ya pili, nayo imeliwa na vumbi lile ambalo tulilivulia viatu. Leo mnaniambia data zenu ziko kwenye wingu. Watoto wa Dodoma nyie! Toka lini mkulima wa hapa akategemea wingu?

Elias akakaa sakafuni. Mkataba wake, jina lake, vyote vilikuwa kwenye kile kioo. Akasema polepole, kama anajisemea mwenyewe, "Kama zile kadi zingekuwa zimechomwa…"

"Hazijachomwa," nikasema. "Sikusaini." Nikatoa funguo mahali nilipozificha, na yeye kwa adabu akaangalia pembeni.

Nikaleta droo mbili za Mkonze. Elias akavua tai, mara ya kwanza nimwone bila tai, akaingia kwenye ile mashine nyingine. Tukaanza upya, kadi kwa kadi: mimi nasoma, yeye anataipu, vidole vikichoka tunabadilishana. Mbele, kisha nyuma. Safu za wake alizirekebisha mwenyewe, vizuri kuliko nilivyofanya mimi, na akaongeza ya nne bila kuambiwa, maana tulifika kwa mzee mmoja mwenye wake wanne. "Mnaoa nyie," akasema. Nikamjibu, "Wewe taipu."

Jumatano mchana mkurugenzi akaingia, na viatu vyake miguuni. Akaona droo mezani, akaona vumbi la kadi kwenye mashine, akaniona nimekalia kiti cha mtaalamu.

"Nimeambiwa umefuta kumbukumbu za serikali."

Nani alimwambia sijui mpaka leo. Nikasimama. "Ni kweli, nimezifuta. Na zimerudi, zote, kutoka kwenye kadi ulizotaka nizichome. Wahenga walisema usiache mbachao kwa msala upitao, mheshimiwa. Unaweza kunipunguza kazi kwa kufuta. Lakini utaandika na hiyo habari ya kadi kwenye barua."

Akamtazama Elias. Elias angeweza kunitosa, na nilijua. Akasema, "Anachosema ni kweli, mkurugenzi. Na orodha ya kwanza ilikuwa na makosa. Makosa yalikuwa yangu." Mkurugenzi akaangalia viatu vyake, akaona alipokanyaga navyo, akatoka.

Alhamisi kamati ilikaa. Elias alichapa orodha ya Mkonze kwa printa yake ya kelele, karatasi ndefu zenye matundu pembeni, na safari hii shamba la Bibi Lea halikuandikwa wazi. Mwakilishi wa mfanyabiashara akapinga. Akasema penseli si ushahidi, na kompyuta iliyokuwa ikisema wazi wiki iliyopita haiwezi kubadili maneno wiki hii. Hoja yake haikuwa ya kipumbavu, nakiri. Mwenyekiti wa kamati akamgeukia Bibi Lea, aliyekuwa amekaa karibu na mlango, kanga mbili, mikono juu ya magoti.

"Mama, una karatasi yoyote?"

"Karatasi sina," akasema. "Visiki ninavyo. Niling'oa visiki mimi na jembe langu, mashimo yapo. Njooni muone."

Mwenyekiti akasema kamati itakwenda kesho yake.

Niwape haya ya baadaye sasa ili msiniulize. Sikupunguzwa. Niliadhibiwa kwa kupelekwa Chemba miaka mitatu, siku ambazo Chemba haikuwa makao ya wilaya yoyote, na ofisi yangu ilikuwa chumba kimoja pembeni ya mnada wa ng'ombe. Nilifundisha kompyuta watu watatu huko kwa mashine iliyotumia jenereta. Kadi za Mkonze na za vijiji vingine ziko masjala, kabati la tatu. Ile hati ya kuteketeza wakurugenzi watano waliniletea kwa nyakati tofauti, na wote watano niliwaagizia chai, hati sikusaini.

Ijumaa asubuhi tukaenda Mkonze kwa Landrova: mwenyekiti na wajumbe wawili, mkurugenzi, mwakilishi wa mfanyabiashara, Elias, na mimi nyuma na kadi kwenye bahasha. Bibi Lea alitutangulia kwa miguu toka alfajiri. Alikuwa amesimama kisimani.

Mwenyekiti akafanya jambo la busara. Akachukua kadi, akaishika mwenyewe asimwonyeshe mtu, akasema, "Mama, tembea mpaka wa shamba lako."

Bibi Lea hakusoma shule hata siku moja. Akaanza kutembea. Alitoka kisimani, akashuka na mtaro, akatuonyesha mashimo ya visiki kwa fimbo moja baada ya jingine, huu ulikuwa mkungugu, huu mgunga, huu ulinivunjia jembe. Sisi nyuma, wakubwa na viatu vyao, jua linapiga. Alipofika kwenye mstari wa minyaa akageuka akasema, "Hapa naishia. Kule ni kwa mke mwenzangu, marehemu, analima mwanawe. Sitaki cha mtu."

Mwenyekiti akasoma nyuma ya kadi kwa sauti. Toka kisima mpaka mstari wa minyaa, upande wa mawio. Akaisoma mara mbili, kisha akampa mwakilishi wa mfanyabiashara naye asome. Yule bwana akaisoma, akairudisha.

"Vigingi vitolewe," mwenyekiti akasema. "Shamba lina mwenyewe."

Mkurugenzi akaanza kuangaza macho huku na huku kutafuta wa kumtuma. Bibi Lea akamzuia kwa mkono.

"Acha, baba. Vilipokuja sikuitwa. Vikitoka siwahitaji."

Akazunguka shamba lake lote, akakitikisa kila kigingi, akaking'oa, akakiweka begani. Hatukujua tufanye nini, tukabaki tumesimama. Elias akataka kumsaidia, nikamshika shati. Alipomaliza, mzigo ulikuwa umemfunika upande mmoja wa kichwa. Akapita katikati yetu akaenda nyumbani kwake, akautua mbele ya mafiga, akachukua shoka.

Baada ya muda tukasikia harufu ya moshi. Akatoka jikoni na ungo wa ugali wa uwele na bakuli la mlenda, akaviweka juu ya mkeka. Kisha akaleta maji ya kunawa, akaanza na mkurugenzi.

"Karibuni mle," akasema. "Kuni mmeleta wenyewe."

Mkurugenzi akanawa.